Mtoto njiti na kifua cha mzazi
Wengi huamini kwamba mtoto njiti akishalazwa, mahali pake ni kwenye mashine ya joto pekee, na kwamba mzazi anayemshika humletea baridi na vijidudu. Hofu hiyo ina msingi, kwani mikono isiyonawiwa huambukiza kweli. Hata hivyo, tangu huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto njiti kifuani, ianze Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, imethibitika kwamba mtoto aliyebakizwa nepi na kofia, akafungwa wima kifuani pa mama au baba, ngozi kwa ngozi, hutunza joto lake, hunyonya vizuri zaidi na huambukizwa kwa nadra zaidi. Anayetaka kuhakikisha amwombe muuguzi ampime mtoto joto kabla na baada. Hata anayepewa oksijeni aghalabu hubebwa, muuguzi akiwa karibu.