Machozi ya mahafali si kukosa shukrani

Msimu wa mahafali ukikaribia, wazazi wanaokuja kwangu kwa unasihi huniambia jambo lilelile: "Najiona mbaya. Mwanangu amefaulu, mimi nalia." Wanalisema kwa sauti ya chini, kama wanaokiri wizi. Mwaka huu nimelisikia mno, basi nawajibu wote kwa pamoja.

Dhana: Mzazi mwenye shukrani hufurahi tu.

Nani kasema? Furaha na huzuni hukaa moyo mmoja bila kufukuzana. Mwaka 2001 wanasaikolojia Jeff Larsen, Peter McGraw na John Cacioppo walichapisha utafiti uliowahusu, miongoni mwa wengine, wanafunzi wa chuo nchini Marekani siku ya mahafali yao. Waliosema wana furaha na huzuni kwa pamoja walikuwa wengi kuliko siku za kawaida. Na hao ndio wahitimu wenyewe, wenye joho! Mzazi aliyekaa viti vya nyuma tunamdai nini zaidi?

Unacholilia si kufaulu kwa mtoto. Kwa miaka mingi siku zako zimepangwa na ratiba ya shule: kuamsha, kukagua sare, kusaini daftari, vikao vya wazazi. Kazi hiyo imekwisha ghafla, na hakuna aliyekuandikia barua ya kustaafu.

Huzuni ikifichwa hutokea mlango wa pili. Nimesuluhisha ugomvi wa mabegi ya kwenda chuoni ambao haukuwa wa mabegi hata kidogo. Mzazi anafoka kuhusu kitanda kisichotandikwa, anapiga simu kila saa, anaponda kozi aliyoisifu mwezi uliopita. Ushauri wangu, na wanaonijua wameuchoka: mwambie mtoto yote mawili, uunganishe kwa "na", usiunganishe kwa "lakini". "Nimefurahi, na nitakukumbuka sana." Ukisema "lakini", umeifuta furaha uliyotangulia kuitaja. Na tafadhali, ile "utaniacha na nani?" imeze. Hilo ni deni unamtwika mtu anayeanza safari.

Dhana: Ni mambo ya kina mama.

Upuuzi. Kina baba huja wakilalamikia usingizi au mgongo. Nikiuliza kitinda mimba yuko darasa gani, kimya.

Dhana: Ni ugonjwa wa kiota kitupu.

Jina hilo, la huzuni ya mzazi ambaye watoto wameondoka nyumbani, ni la mazungumzo. Halimo katika orodha za magonjwa za DSM-5 wala ICD-11. Ila huzuni ikikushika karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikavurugika, kazi zikakushinda, nenda ukapimwe sonona. Usisubiri likizo.

Dhana: Watoto wakiondoka, ndoa hubaki gofu.

Sara Gorchoff na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliofuatilia wanawake kwa miaka 18. Watoto walipoondoka, kuridhika na ndoa kuliongezeka, kwa sababu wenzi walifurahia zaidi muda waliokuwa pamoja.

Dhana: Sherehe ikipita, yanaisha.

Kwa wengi ndipo yanapoanza, turubai likishakunjwa na wageni wakishaondoka. Kwa hiyo usikimbilie kukihamisha chumba chake wiki ya kwanza. Ila kengele ya simu ya kumwamshia shule ifute usiku huohuo. Wengi huisahau, ikaja kulia Jumatatu alfajiri, na hakuna wa kuamshwa.