Chipsi za usiku wa manane si ulafi tu

Mabwenini, mwanafunzi anayetoka usiku kufuata chipsi mayai huitwa mlafi, asiye na nidhamu. Imani hiyo ni ya zamani, na inawaumiza wengi bure.

Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wa kiume wenye afya njema, umri wa miaka 22 hivi, wakawaruhusu kulala saa 4 tu kila usiku kwa siku 2 mfululizo. Leptini, homoni inayoujulisha ubongo kuwa mwili umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoamsha njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Hamu iliwapeleka zaidi kwenye vitamu, vyenye chumvi na wanga. Sasa mfikirie anayekesha wiki nzima ya mitihani!

Je, hamu hiyo ni uraibu wa chakula? Dodoso la kupima uraibu huo, lililotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2009, na kujaribiwa kwa wanafunzi wa chuo, huuliza kama mtu anakula kupita alivyokusudia, au amejaribu kupunguza akashindwa. Halipimi kitambi, kwa hiyo mwembamba naye anaweza kuwa na dalili hizo. Wataalamu bado wanabishana kama ni ugonjwa kamili.

Kwa anayejiona humo, ningeanza na usingizi, na kutoruka chakula cha mchana. Anayekula kwa kificho au kujitapisha amwone mshauri au daktari wa chuo mapema.