Mshono usioonekana haufichwi na rangi ya uzi

Hapa Mwanza wengi huzunguka madukani wakitafuta uzi wa rangi ileile ya kitenge, wakiamini ndio utakaoficha mshono wa mkono wanapofunga mto waliojaza pamba. Sivyo. Kinachouficha ni njia ya sindano: inaingia ndani ya mkunjo wa upande mmoja, inatembea humo kama nusu sentimita, inatoka na kuvukia mkunjo wa pili, palepale panapotazamana. Nyuzi zinabaki kama vipandio vya ngazi. Ukivuta taratibu, kingo zinakutana na vipandio vinazama. Ukivuta mno kitambaa kinajikunja, na rangi haitakuokoa. Wafumaji wa sweta nao hufanya vivyo hivyo wanapounganisha vipande viwili, wakipitisha sindano chini ya vijiuzi vilivyo kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili kutoka ukingoni.