Disney kujitoa si mwisho wa Doctor Who

Wapo wanaosema kwamba Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC, imefutwa. Hapana, haijafutwa. Naielewa hofu hiyo: Mei 2025 Ncuti Gatwa, mwigizaji wa mhusika mkuu, alimezwa na mwanga, mahali pake akatokea mwigizaji Billie Piper akitabasamu, kisha kimya cha miezi. Oktoba, BBC ikathibitisha kwamba Disney+, huduma ya Disney ya kutazama video mtandaoni, imejitoa, na wengi wakaipokea habari hiyo kama tanzia. Lakini Disney ilikuwa mshirika tu: ilichangia fedha na kuionyesha nje ya Uingereza na Ayalandi. Mwenye mali ni BBC, tangu 1963, na tangazo lilelile liliahidi kipindi maalumu cha Krismasi 2026, mwandishi akiwa Russell T Davies.

Mashabiki wana kidonda cha zamani. Tamthilia ilisimama 1989 na, ukiacha filamu moja ya 1996, haikurudi hadi 2005. Ndiyo maana kila kimya kinawatisha.