Kubana maji kiangazi bila kukaribisha maradhi: maswali na majibu kwa wakazi wa Tabora

Tabora mvua hukatika Mei, na kabla ya Novemba hakuna wa kuitegemea. Mabomba ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, Nzega na Igunga, lakini mgao ukianza simtanki hukauka kwa siku chache, na vijijini bado watu wanategemea kisima, lambo na dumu la kununua. Kila nyumba hubana maji miezi hii. Shida ni mahali pa kubania: wengi huanza na kunawa mikono, na hapo ndipo kuhara kunapoingia.

Swali: Mtu mmoja anahitaji maji kiasi gani kwa siku, na nianze kubana wapi?

Jibu: Kipimo kinachotumika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa kaya ya watu 6 hizo ni lita 90, yaani madumu manne na nusu. Unaweza kuzigawa hivi: kunywa 3, kupika na kuosha chakula 3, kunawa mikono na uso 2, kuoga 5, vyombo 2. Nguo hazimo, zitafutie siku yake. Hiki ni kiwango cha kujikimu tu; maisha ya kawaida yanahitaji lita 50 na kuendelea.

Katika mgawo huo, ya kunywa na ya kunawa msiyaguse. Bana kuoga, bana vyombo, bana nguo, na bustani ipate yale yaliyokwisha kutumika ndani. Kanuni yenyewe ni moja: maji yateremke kutoka kazi safi kwenda kazi chafu, yasipande kamwe. Ya kusuuzia vyombo yanaweza kuanzia vyombo vya zamu inayofuata, ya kusuuzia nguo nyeupe yakafulia za rangi, kisha yakamwagiwa choo au mgomba.

Swali: Je, naweza kupunguza hata maji ya kunywa kidogo, hasa kwa wazee wasiopenda kunywa?

Jibu: Hapana, tafadhali. Oktoba hapa jua ni kali, na anayefyatua matofali au kulima hupoteza jasho jingi bila kujua, kwa sababu hewa kavu hulikausha haraka. Lita 2 hadi 3 ni za mtu mzima asiyefanya kazi ngumu. Wa shambani aongeze. Mama anayenyonyesha aongeze karibu nusu lita hadi lita moja. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo usingoje aombe: mpe kikombe kila baada ya saa mbili mchana kutwa.

Walio na selimundu ni wa kuangaliwa kuliko wote. Mwili ukikaukiwa, damu yao huziba mishipa midogo na maumivu makali huanza. Nyumba yenye mtoto wa selimundu itenge chupa yake ya maji, naye aende nayo shuleni.

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya njano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa kama chai ya rangi, au mtu amekaa nusu siku bila kwenda haja ndogo, amepungukiwa. Kizunguzungu, macho kudidimia au kuchanganyikiwa ni dalili za kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Swali: Tutanawaje mikono ipasavyo kama maji ni ya kuhesabu?

Jibu: Tengenezeni kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5 lenye mfuniko. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni, karibu sentimita 12 chini ya mdomo, upande ulio mkabala na mshikio. Tundu moja linatosha. Wanaotoboa matatu humaliza dumu kabla ya chakula cha mchana. Chimbia nguzo mbili zenye panda, shimo sentimita 50, zipishane sentimita 70, laza fito juu na upitishe mshikio wa dumu humo. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili ifungwe kwenye kijiti cha kukanyagia kilicholala chini. Ukikanyaga, dumu huinama na kutoa mchirizi mwembamba, ukiachia, hukata. Mikono haigusi dumu, na maji yanayotumika ni kidogo sana kuliko ya kumiminiwa kwa kopo.

Yako mambo mawili yanayokiharibu. Kwanza, mfuniko ukikazwa sana hewa haiingii na maji hukwama: ulegeze kidogo. Pili, sabuni ya mche hulowa na kuyeyuka. Itoboe, uining'inize kwa kamba chini ya kopo lililopinduliwa. Chini ya mchirizi weka kokoto, au panda mpapai umbali wa hatua moja ili maji yasituame.

Beseni moja la kunawia watu wote kabla ya chakula liacheni. Wa mwisho ananawa uchafu wa waliotangulia, na akila ugali kwa mkono uleule kipindupindu au homa ya matumbo haiko mbali.

Swali: Tunanunua maji kwa wauza madumu. Tuangalie nini?

Jibu: Muulize maji yametoka wapi, kisha angalia dumu lenyewe kabla ya kuangalia maji. Mkoa huu unalima tumbaku, na madumu ya viuatilifu huzagaa vijijini. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea halifai kwa maji ya mtu au mfugo, hata likisuuzwa mara kumi, kwa sababu sumu hunywewa na plastiki yenyewe na kutoka polepole. Ukiona alama ya lebo iliyobanduliwa, au ukisikia harufu isiyo ya maji, kataa. Ukiwa nalo nyumbani, litoboe lisitumike tena. Tahadhari pia visima vya bondeni vilivyo karibu na vitalu vya tumbaku, maana miche hunyunyiziwa dawa, na kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo uweke dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji angavu; koroga, funika, subiri dakika 30. Vidonge huja kwa ukubwa tofauti, kwa hiyo soma pakiti. Ukikitia kwenye tope, klorini huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki.

Asiye na dawa wala mkaa wa kuchemshia atumie jua, na la Tabora si haba. Jaza chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, kwa maji angavu, uilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua la wazi. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Chupa za rangi au zilizokwaruzwa sana hazifai.

Swali: Maji ya lambo yanafaa angalau kuoga?

Jibu: Yanafaa yakilazwa. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwenye konokono wa lambo na kupenya ngozini mtu akiingia majini. Nje ya konokono huishi takriban siku mbili tu. Teka, hakikisha hakuna konokono ndani ya chombo, funika saa 48, kisha oga. Wanaoingia lambo lenyewe kuoga, kufua au kuchota kwa kuzama hadi magotini hawana kinga hiyo. Mkojo wenye damu kwa mtoto ni wa kupeleka kituoni. Vidonge vya kichocho vipo.

Swali: Tukijaza mapipa na ndoo, mbu si wataongezeka?

Jibu: Wataongezeka, hasa yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hunata pale na kuvumilia ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, huanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji pekee hakusaidii, lazima kusugua. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, pipa likiwa karibu kuisha: nusu lita ya maji, brashi na mchanga kidogo, sugua ukuta wote, mwaga chooni. Mdomo wa pipa ufunikwe kwa kitambaa chenye matundu madogo kilichokazwa kwa mpira. Na maji ya kunywa yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu inayotundikwa, la sivyo kila kikombe kinachozamishwa huacha vidole vya mtu ndani.

Swali: Mtoto akiharisha wakati huu wa shida ya maji?

Jibu: Huyo ndiye wa kwanza kupewa maji. Tumia pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini. Ukiikosa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari. Mpe kidogo kidogo kila anapoharisha, endelea kunyonyesha, na ukifika kituoni omba vidonge vya zinki. Kinyesi chenye maji kama ya mchele ni cha kukimbilia kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Swali: Maji ya kuogea na ya vyombo yanafaa bustanini?

Jibu: Yanafaa, kwa masharti. Yamwage siku hiyo hiyo. Yakilala zaidi ya saa 24 yananuka na vijidudu huzaliana. Yamwage ardhini shinani, yasiguse majani. Yape migomba, mipapai na miembe kwanza. Mchicha na matembele yanayopikwa yanaweza kupata kidogo, lakini karoti, nyanya za kachumbari na chochote kinacholiwa kibichi visipate kabisa. Maji ya nepi, ya nguo za mgonjwa anayeharisha, au yenye jiki, peleka chooni. Badilisha mahali pa kumwaga kila siku, kwani sabuni ya unga huacha chumvi inayochoma mizizi. Ncha za majani zikianza kukauka rangi ya kahawia, pumzisha pale kwa wiki mbili.

Swali: Mboga zangu hunyauka hata nikimwagilia kila siku. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi liko kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Tabora ni kichanga, na maji hupita moja kwa moja chini ya mizizi. Changanya samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba, kwenye sentimita 20 za juu. Badala ya tuta lililoinuka, chimba kitanda kilichozama sentimita 15, ili tone lolote libaki ndani. Funika kwa nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10. Mchwa watakuja; acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina, na watakula nyasi badala ya mche.

Njia inayobana maji kuliko zote ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kijaze kwanza na kukiacha usiku: nje kikiwa na unyevu asubuhi, kinafaa, kikiwa kikavu, maji hayatatoka. Kizike hadi shingoni, panda miche kukizunguka umbali wa kiganja kimoja, kijaze, funika mdomo kwa jiwe bapa ili mbu wasitage. Maji hupenya ukutani kadiri udongo unavyokauka, yakifuata mizizi, na juani hayapotei. Ongeza yakifika nusu. Ukiacha kikauke kabisa, chumvi huziba vitundu na chungu hufa kazi.

Wasio na chungu wamwagilie jua likishatua, na kabla ya kumwaga wachome kidole ardhini sentimita 5. Kukiwa na unyevu, subiri kesho.

Swali: Na bomba linalodondosha, ni kitu cha kuhangaikia?

Jibu: Ndiyo. Tone moja kila sekunde ni karibu lita 20 kwa siku, dumu zima. Mara nyingi kilichoisha ni kipira cha ndani ya koki, cha kubadilisha kwa dakika chache. Choo cha kuvuta kipimwe kwa kutia chai ya rangi kwenye tangi lake: rangi ikionekana bakulini baada ya nusu saa bila kuvuta, kinavuja.

Swali: Tujiandaeje mvua zikikaribia?

Jibu: Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 960, na ukitoa zinazorukia nje bado unazo kama 770. Septemba na Oktoba safisha gata, iinamishe sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tangi, na usugue tangi. Mvua ya kwanza usiipokee: ina vumbi la miezi sita, mavi ya ndege na mijusi. Geuza bomba pembeni hadi madumu mawili matatu ya mwanzo yapite, kisha lirudishe. Maji hayo ya mwanzo yapelekwe kwenye migomba, na ya tangini bado yatiwe dawa kabla ya kunywa.