Jengo la Mjerumani halilindwi na uzee wake

Uzio wa mabati ukizungushwa kwenye jengo la zamani katikati ya Jiji la Mwanza, hakosekani wa kukutuliza: "Hilo la Mjerumani, haliguswi." Linaguswa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa piga hesabu. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli ilifika 1928. Kwa hiyo nyumba zao za vilimani, na yale maduka ya wafanyabiashara Wahindi yenye mwaka wa ujenzi uliochorwa kwa saruji juu pajini, baraza mbele na familia ghorofani, yote yako nje ya mstari huo. Mkongwe wa miaka mia moja, mbele ya sheria, bado kijana.

Kwa sheria hiyo, kinacholiokoa jengo la umri huo ni Waziri mwenye dhamana kulitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndipo kulibomoa bila kibali cha sheria hiyo kunakuwa kosa. Lisipotangazwa, mwenye hati na kibali cha ujenzi cha halmashauri anaanza kushusha vigae asubuhi, na kelele za mitandaoni hazimzuii. Kama limetangazwa au la, Idara ya Mambo ya Kale ndiyo ya kuulizwa, na mapema.

Wapo wanaodhani kutangazwa ni kunyang'anywa. Sivyo. Mwenye nyumba hubaki mwenye nyumba, ila hawezi tena kuipangua atakavyo (na gharama za ukarabati, kusema kweli, mara nyingi humwangukia yeye).