Lisbon ya kale si ya kale kama unavyodhani

Mtu wa Mombasa aliyezoea kupita chini ya kuta za Fort Jesus akifika Lisbon hutegemea kuona mji mkongwe kuliko ngome ile. Si ndiko walikotoka Wareno wenyewe? Basi na tuanzie hapo.

"Katikati ya mji ni majengo ya enzi za Vasco da Gama." Hapana. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, tetemeko likaupiga mji. Walionusurika wakakimbilia ukingo wa mto Tejo, mawimbi ya bahari yakawakuta huko huko. Kilichobaki kikaliwa na moto kwa siku kadhaa. Mtaa wa Baixa, ulio katikati ya mji, wenye njia zilizonyooka kama mistari ya daftari, ulijengwa baada ya hapo chini ya waziri anayejulikana kama Pombal. Ndani ya kuta zake kumefichwa fremu za mbao zilizopishana, ili jengo liyumbe bila kuporomoka. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Hesabu mwenyewe nani kaka na nani mdogo.

Ngome ya São Jorge, ile ya juu kilimani, huwadanganya wengi zaidi. Mahali penyewe ni pa kale kweli. Waislamu walipashikilia mpaka 1147. Lakini sehemu kubwa ya kuta na minara unayoipiga picha iliinuliwa upya mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa utawala wa dikteta Salazar. Na ule mnara wa mabaharia kule mtaa wa Belém, wenye umbo la merikebu inayoingia mtoni? Wa 1960. Bibi yangu anauzidi umri.

Ukitaka ukale usio na shaka, nenda monasteri ya Jerónimos, hapo hapo Belém. Ilianza kujengwa 1501 na tetemeko halikuiangusha. Ukiingia tu kanisani utaliona kaburi la Vasco da Gama: sanamu yake imelala chali, viganja vimekutanishwa kwa sala, na ubavuni mwa jeneza la mawe pamechongwa merikebu. Wageni huondoka wakiamini alizikwa pale tangu alipokufa. Ukweli ni kwamba alifia Cochin, India, mwaka 1524, akazikwa huko. Mifupa ilirudishwa Ureno 1539 na kuwekwa Vidigueira, mbali na mji mkuu. Belém ilifika 1880. Mtu aliyetia nanga Malindi mwaka 1498 aliendelea kusafiri hata baada ya kufa.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa 1902, si kazi ya Eiffel, yule wa mnara wa Paris, hata wakikuapia. Aliyeibuni ni mhandisi Raoul Mesnier du Ponsard, mzaliwa wa Porto.

Kuna dhana moja ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuinasa mapema. Vigae vya rangi vilivyofunika kuta za Lisbon huitwa azulejo, na wengi hudhani jina limetokana na azul, yaani buluu. La, limetoka kwenye Kiarabu, az-zulayj. Mtaa wa Alfama nao umebeba Kiarabu cha chemchemi ya maji moto, ndugu wa hamamu yetu. Kisha tazama kibao kwenye mlango wa kanisa: Igreja, yaani kanisa. Wanaisimu wengi wanasema ndilo lililotuzalia neno gereza. Nilisimama mbele ya kibao hicho nikicheka peke yangu.

La mwisho linahusu mfuko. "Mkate na zeituni vinavyoletwa kabla ya chakula ni takrima." Mimi nami niliamini hivyo, kwenye mgahawa mmoja wa Alfama: mkate, zeituni, kijibini kidogo cha duara, nikavifagia vyote nikiwasifu kwa ukarimu. Bili ilipokuja, kila kimoja kilikuwa na mstari wake. Kwao hiyo inaitwa couvert. Usichoagiza na usichokigusa hudaiwi, ila ukionja tu kimeshakuwa chako. Kwa hiyo kabla mhudumu hajatua sahani mezani, mwambie "não, obrigado", na kama wewe msemaji ni mwanamke, "não, obrigada". Atavirudisha bila kununa.